Namna ya kumrudisha mtoto kwenye hesabu pale uzi ulipokatikia

Walimu wenzangu na wazazi, habari za majukumu. Nafundisha hesabu huku Kigoma, nilianza shule ya msingi kwenye kijiji cha ziwani baadae nikahamia sekondari, kwahiyo kuna watoto niliwaona darasa la tatu nikawaona tena fomu wani, na kilichonifanya niandike hapa ni kwamba makosa waliyokuwa nayo darasa la tatu wamekuja nayo vile vile fomu wani, hakuna aliyeyagusa katikati, mimi mwenyewe nikiwemo maana nilikuwa nakimbizana na silabasi.

Siku moja nimeenda soko la Mwanga nikamkuta mwanafunzi wangu kwenye meza ya mama yake anauza migebuka. Nikachukua mafungu manne, fungu 3,500, nikampa noti mbili za elfu kumi. Dogo hakushika kalamu wala simu, akasema tatu na nusu mara mbili saba, saba na saba kumi na nne, mwalimu chenji yako elfu sita. Hata sekunde kumi hazikuisha. Wiki ile ile darasani nikampa 20,000 kutoa 14,000, akaandika 14,000. Nikabaki namwangalia tu. Mtoto yule yule, hesabu ile ile.

Baadae nikaja kujua hili jambo lilishaandikwa zamani, mwaka 1985 watafiti Terezinha Carraher, David Carraher na Analúcia Schliemann waliwafuatilia watoto wanaouza vitu mitaani mji wa Recife kule Brazili, kwenye biashara walipatia zaidi ya 98 kwa mia, walipopewa hesabu zile zile kwenye karatasi bila habari ya biashara wakashuka mpaka kama 37 kwa mia. Kwahiyo tusiseme watoto wetu hawana akili ya hesabu. Akili ipo, kuna mahali uzi ulikatika kati ya akili yake na maandishi ya ubaoni, na kazi yetu ni kupatafuta pale. Miaka na miaka wanaofaulu hesabu fomu foo nchi hii wamekuwa kama mmoja kati ya watano, wakizidi sana mmoja kati ya wanne, na sidhani hilo litabadilika kwa kuongeza tuisheni ya mada mpya juu ya msingi uliopasuka.

Haya, hivi ndivyo ninavyofanya. Inachukua kama wiki sita, na haikuzuii kuendelea na silabasi.

Hatua ya 1: pepa ya maswali saba

Wiki ya kwanza kabisa toa pepa fupi, wala usitafute mashine ya kudurufu, andika ubaoni. Maswali yenyewe ni haya na nimeyachagua kwa sababu, usiyabadilishe hovyo:

403 − 157
7 × 8
10 − 3 + 2
1/2 + 1/3
Ipi kubwa, 0.5 au 0.35?
8 + 4 = ☐ + 5
Mama ana madumu 3 ya mawese, kila dumu lita 20. Ameuza lita 26. Zimebaki lita ngapi?

Usiweke vema na kosa halafu ukajumlisha alama, hapo utakuwa umepoteza kila kitu. Chukua daftari, chora safu saba, majina pembeni, halafu kwenye kila safu andika JIBU alilotoa mtoto kama lilivyo. Ukimaliza soma kwenda chini safu moja moja, utashangaa, majibu ya kukosa yanafanana. Watoto hawakosei kwa kubahatisha, wanakosea kwa kufuata kanuni waliyojitungia wenyewe na wanaifuata kwa uaminifu kabisa.

Swali la kwanza utakuta 354 nyingi. Mtoto kachukua kubwa akatoa ndogo kila safu, saba toa tatu nne, tano toa sifuri tano, nne toa moja tatu. Ndio ugonjwa wa yule dogo wa migebuka. Swali la tatu utakuta 5, na hapa lawama ni letu walimu, tumewakaririsha MAGAZIJUTO (mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa) tukasahau kuwaambia kwamba kugawanya na kuzidisha ni ndugu wa rika moja, na kujumlisha na kutoa nao hivyo hivyo, wakikutana unafanya anayetangulia kutoka kushoto. Mtoto anaona JU imekuja kabla ya TO anajumlisha 3 na 2 kwanza anapata 5, anatoa kwenye 10 anabaki na 5, anakuletea daftari anatabasamu. Jibu ni 9.

Swali la nne utaona 2/5, kajumlisha juu kwa juu na chini kwa chini. La tano watasema 0.35 kwasababu 35 ni kubwa kuliko 5. La sita watajaza 12. La saba utakutana na 49, yaani kakusanya namba zote alizoziona akazijumlisha, hakusoma habari yenyewe.

Hatua ya 2: wapange kwa uzi sio kwa nafasi darasani

Najua mtu atasema mwalimu nina watoto tisini darasa moja nitawapangaje. Mimi pia nilikuwa na tisini na kitu. Usitengeneze makundi tisini, tengeneza manne tu: wa kutoa, wa jedwali la kuzidisha, wa sehemu na desimali, na wa kusoma swali. Mtoto mwenye matatizo yote anaanza na lile la chini kabisa. Wale waliopatia yote saba wagawe kwenye makundi, wawe wasaidizi, ila wape sharti moja, marufuku kutaja jibu, kazi yao ni kuuliza "umepataje" na kusikiliza. Dakika ishirini kila siku kabla ya kipindi cha kwanza zinatosha. Usiwaite kundi la wajinga wala kundi D, watoto wanajua na wanaumia, mimi nayaita kwa majina ya samaki wa ziwani, kuhe, mgebuka, sangara, dagaa, na kila wiki watu wanahama.

Hatua ya 3: kutoa kwa vijiti, hapa kaa muda mrefu

Hii ndio hatua ninayoipenda na ndio watu wanairuka wakisema ni mambo ya darasa la kwanza. Hata fomu wani nawafanyisha.

Tuma watoto walete vijiti au mabua. Kumi wafunge kwa kamba ya mgomba, hilo ni fungu la kumi. Mafungu kumi wayafunge pamoja, hilo ni mia. Sasa weka 403 mezani: mia nne, makumi hakuna, mamoja matatu. Mwambie nipe 157. Ataanza na saba, anaona ana vijiti vitatu tu. Mwache ahangaike, usimwambie neno "kopa", hilo neno limewachanganya wengi, anakopa halafu anarudisha lini? Mwache mpaka mwenyewe aone kwamba inabidi afungue mia moja ipatikane mafungu kumi ya makumi, halafu afungue kumi moja ipatikane vijiti kumi. Sasa ana mia 3, makumi 9, mamoja 13. Anatoa saba zinabaki 6, anatoa makumi matano yanabaki 4, anatoa mia moja zinabaki 2. 246. Kile alichofanya kwa mikono ndio akiandike kwenye daftari hatua kwa hatua, mkono ukitangulia kalamu inafuata.

Kuna kitu kimoja niligundua kwa watoto wanaotoka vijijini kwetu huku Buha. Kiswahili kinaficha kidogo makumi, ukisema thelathini mtoto hasikii tatu humo ndani, hilo neno tumelipata kwa Waarabu. Lakini Kiha kinasema mirongo itatu, yaani makumi matatu, kila kitu kiko wazi! Kwahiyo mtoto akikwama kwenye nafasi ya makumi mwambie ahesabu kwa lugha ya bibi yake, halafu mrudi kwenye Kiswahili. Nilishawahi kumuona mtoto anafunguka usoni kabisa siku hiyo. Tulikuwa tunawakataza kuongea Kiha shuleni na kumbe tulikuwa tunawanyang'anya kifaa.

Njia ya pili ya kutoa ni ile ya sokoni, ya kupanda kwenda juu. Mtoto wa mama muuza samaki haanzi na 20,000 akashuka, anaanza na 14,000 anapanda mpaka afike. Hiyo ni njia halali kabisa, ifundishe, chora mstari wa namba ubaoni. Mimi natumia MV Liemba, ile meli ya Ziwa Tanganyika, kwasababu wote wanaijua: iliundwa Papenburg Ujerumani mwaka 1913, Wajerumani wenyewe wakaizamisha 1916 kwenye vita, ikaibuliwa 1924, ikarudi kazini 1927. Toka kuzamishwa mpaka kuibuliwa hiyo 1924 ni miaka mingapi? Kutoka 1916 mpaka 1920 minne, mpaka 1924 minne tena, jumla minane. Ilichukua miaka mingapi toka kuibuliwa mpaka kubeba abiria tena? Watoto watabishana na utasikia darasa linanguruma, waache.

Hatua ya 4: sehemu na desimali

Kwa sehemu sipendi kuanza na michoro ya duara ya kwenye kitabu, kugawa duara kwa tatu sawasawa ni shida hata kwa mwalimu. Kata karatasi za daftari zilizotumika ziwe vipande virefu vinavyolingana. Kimoja kikunje katikati, hicho ni nusu. Kingine kikunje tatu sawa, theluthi. Muulize sasa nusu na theluthi ukiziunganisha utaziitaje? Hawezi kuziita, vipande havilingani. Kunja zote mpaka vipande vilingane, nusu inakuwa 3/6, theluthi inakuwa 2/6, hapo sasa unajumlisha 5/6. Asili, ile namba ya chini, ni jina la kipande na kiasi, ile ya juu, ni idadi ya vipande, ndio maana asili haijumlishwi, huwezi kujumlisha majina. Hii sentensi moja ikimwingia vizuri, 2/5 inapotea yenyewe, na atakwambia mwenyewe kwamba 2/5 haiwezekani kwasababu ni ndogo kuliko nusu aliyoanza nayo.

Halafu peleka sokoni. Debe ni lita 20, sado ni lita 4, kwahiyo sado ni moja ya tano ya debe. Sado mbili ni 2/5 ya debe, ni lita ngapi? Nane. Leta debe tupu na kopo la sado darasani, jaza maji, mwaga, wahesabu. Kama uko Tabora tumia madumu ya asali, hesabu ni ile ile.

Desimali watu wengi wanataka kufundisha kwa pesa, vitabu vya nje vinafanya hivyo, lakini kwetu senti zilishapotea mkononi, mtoto hajawahi kushika senti 50 maishani, kwahiyo pesa haimsaidii kitu. Tumia mita. Chukua kamba ya mita moja, pima 0.5 ya mita ni sentimita 50, pima 0.35 ni sentimita 35, ziweke sambamba chini. Basi, hakuna cha kubishana tena.

Hatua ya 5: jedwali la kuzidisha bila fimbo

Jedwali linatisha kwasababu tunalipeleka kama mlima mmoja wa vitu mia moja. Kaa na watoto mlipunguze pamoja. Mara 1, mara 2, mara 5 na mara 10 wanazijua karibu wote. Halafu waonyeshe kwamba 3 × 7 ni sawa na 7 × 3, panga kokoto mistari mitatu ya saba saba, mwambie ahamie upande wa pili wa meza aangalie tena. Zimebaki 21. Mara 9 ni mara 10 ukapunguza hiyo namba yenyewe mara moja, 9 × 7 ni 70 toa 7. Zimebaki 15. Mara 4 ni mara 2 halafu mara 2 tena. Zimebaki 10 tu: 3×3, 3×6, 3×7, 3×8, 6×6, 6×7, 6×8, 7×7, 7×8 na 8×8. Kumi, kutoka mia. Andika hizo kumi pembeni ya bodi zikae hapo wiki nne.

Ila usiulize zote siku moja halafu ukanyamaza mwezi mzima. Hermann Ebbinghaus alishaonyesha mwaka 1885 kwamba tunasahau haraka sana siku za mwanzo na kwamba kurudia kwa kuachia nafasi kunashikiza zaidi kuliko kurudia mfululizo, kwahiyo uliza leo, kesho, baada ya siku tatu, baada ya wiki. Dakika tano zinatosha. Na fimbo weka kando kabisa, hili nalisema kwa moyo wote, mtoto anayewaza mgongo wake hawezi kuwaza saba mara nane, nimechapa miaka yangu ya mwanzo na hakuna hata mmoja aliyejua jedwali kwasababu ya ile fimbo, nilichopata ni watoto kutoroka kipindi changu na kwenda kushinda mwaloni.

Bao nalo linasaidia sana, lina mashimo 32 na kete 64, waulize mistari minne ya mashimo mangapi mangapi, kila shimo lingepata kete ngapi wakigawa sawa. Wazee wanaocheza pale barazani wanahesabu mbele hatua nyingi kuliko sisi walimu.

Hatua ya 6: alama ya sawasawa

Fupi hii. Mtoto anayejaza 12 kwenye 8 + 4 = ☐ + 5 anadhani alama ya = inamaanisha "weka jibu hapa". Akifika kwenye aljebra na wazo hilo ameumia. Mchoree mizani ya dukani, kulia na kushoto lazima zilingane, 12 upande huu, upande ule tayari kuna 5, bado ngapi? Saba. Mpe kumi za namna hiyo kila wiki.

Hatua ya 7: lugha, hasa fomu wani

Msingi anasoma kwa Kiswahili, sekondari kwa Kiingereza, na hesabu inakatikia hapo kwa watoto wengi sana. Mtoto anajua mzingo vizuri tu, anafika fomu wani anasikia "perimeter" anadhani ni mada mpya ngumu kumbe ni rafiki yake wa zamani kabadili nguo. Kila mtoto awe na daftari dogo la maneno, kushoto Kiswahili, kulia Kiingereza, katikati mchoro mdogo. Maneno matano kwa wiki yanatosha.

Angalia pia vimaneno vidogo, hivyo ndio vinaua. "Five less than twelve", yaani 12 − 5, mtoto anaandika 5 − 12 kwasababu anafuata mpangilio wa maneno. Swali lolote la maneno afanye hivi: asome mara mbili bila kalamu, afunike swali, asimulie habari yenyewe kwa Kiswahili kama anamsimulia mdogo wake, achore, ndio aandike hesabu. Lile la mawese ukimwambia asimulie atasema mama alikuwa na madumu matatu kauza kiasi, hapo hapo anaona mwenyewe kwamba kujumlisha hakuna maana. 60 toa 26, 34.

Kuna walimu watasema ukiongea Kiswahili kipindi cha sekondari unavunja utaratibu. Mimi naona bora aelewe kwanza halafu tumvushe kwenda Kiingereza, mtihani utamkuta ana kitu cha kuandika.

Hatua ya 8: badilisha namna ya kuuliza

"Mmeelewa?" "Ndiyoooo mwalimu." Hilo swali liache leo, halijawahi kukupa habari yoyote. Uliza "umepataje", na uulize hata kwa aliyepatia, maana ukiuliza aliyekosa tu watajua kila ukiuliza maana yake wamekosa. Ukishauliza, hesabu kimoyomoyo mpaka kumi kabla hujamwita mtu, ukimya unauma lakini ndio wakati yule wa nyuma anafikiri, la sivyo darasa zima litaendeshwa na wale watano wa mbele. Na kila siku chukua kosa moja zuri, usitaje jina la aliyelifanya, liandike ubaoni, waambie kuna mtu mwenye akili kafika jibu hili, tafuteni alikuwa anawaza nini. Watoto wangu wanakisubiri kipengele hiki kuliko mapumziko.

Hatua ya 9: kwa wazazi

Mama, baba, hata kama hukusoma unaweza kumsaidia mwanao, wala usione aibu. Usimfanyie. Mwambie mwanangu nielezee mlichosoma leo, ukisikia amesita muulize hapo umesitia nini. Ukimtuma dukani mwache apige chenji kabla hajaondoka nyumbani. Ukigawa muhogo mwambie yeye ndio agawe sawa kwa watu watano. Na tafadhali lile neno "hata mimi hesabu zilinishinda" usimwambie mtoto, analichukua kama urithi.

Hatua ya 10: rudia pepa

Wiki ya sita toa maswali yale yale ya mwanzo, badilisha namba tu, kwa mfano 502 − 268, 6 × 8, 12 − 5 + 3, ila muundo ubaki. Jaza safu saba nyingine kwenye daftari lile lile kwa peni ya rangi tofauti, pembeni ya majibu ya zamani. Utaona nani kahama na nani bado. Wa kutoa wengi huwa wamepona, wa sehemu huwa wanachelewa, wape wiki nne nyingine za kukunja karatasi wala usikasirike. Na ule mwaka ukiisha hilo daftari usilifungie kabatini, mpelekee mwalimu anayepokea darasa lako mkono kwa mkono, kaa nae hata nusu saa mpitie jina moja moja, ajue fulani bado anasumbuliwa na desimali na fulani akisimuliwa swali kwa Kiha anapata.